Bulo ya 13 Ina Unene Gani?

Mbele ya vibanda vya kenkayeri, yaani vya vifaa vya chuma, katika soko la Kadutu mjini Bukavu, ombi hili halikosekani asubuhi yoyote: "Patron, unipatiye bulo ine ya treze." Muuzaji haulizi zaidi. Anatia mkono katika boksi, anatoa bolti nne, kila moja na ekru yake, yaani nati, na rondeli yake, anahesabu pesa, anamgeukia mteja mwingine. Lakini zipime bolti hizo kwa kalipa, ile ambayo wakerezaji wa Bukavu huiita pie a kulisi, nawe hutaikuta 13 popote kwenye mwili wake. Mwili una milimita 8. Kumi na tatu ni upana wa kichwa, yaani namba ya spana inayokishika.

Si Bukavu tu. Mwanza, Mombasa na Kampala fundi naye huomba bolti kwa namba ya spana, na sababu yake inaeleweka: anayelala chini ya gari hukutana na kichwa kabla ya kukutana na mwili, na mkono wake hutaja kile unachokishika. Kiwanda hutaja kingine. Kwenye katoni imeandikwa M8, herufi M ikiwa ni ya vipimo vya kimetriki na 8 ikiwa unene wa mwili. Katika nafasi iliyopo kati ya majina hayo mawili watu wa mji huu hupoteza pesa kila siku, na katika barabara zetu wakati mwingine hupoteza kikubwa zaidi. Ndiyo maana naiona istilahi ya bolti kuwa jambo la usalama, wala si la watu wa kamusi peke yao.

Chukua namba katorze, yaani 14. Kwenye Hiace iliyotoka Japani, bolti yenye kichwa cha 14 ina mwili wa milimita 10. Kwenye mashine ya Kijerumani ya zamani mwili huo huo wa milimita 10 una kichwa cha 17, na kwa kanuni mpya za kimataifa ni 16. Halafu kuna katoni iliyoandikwa M14, ambayo mwili wake ndio wenye 14 na kichwa chake ni 21 au 22. Mwanafunzi wa gereji akitumwa kuleta "katorze" anaweza kurudi na bolti ambayo haiingii hata kwenye mlango wa tundu, na atagombezwa bure, kwa sababu alileta kile alichoambiwa. Namba 12 na 13 nazo zina mchezo huo: Mjapani huiwekea M8 kichwa cha 12, Mzungu wa bara la Ulaya cha 13. Spana mbili, tundu lile lile.

Kuna kitu kingine ambacho ombi la Kadutu halikitaji kabisa, nacho ni pa. Mafundi waliopita shule ya Kifaransa huita hivyo umbali kutoka jino moja la bolti hadi jino linalofuata. Kamusi za Kiswahili zina neno hesi kwa ule mzunguko wa meno, lakini gereji nyingi husema meno tu, na mimi nitasema nao. M8 ya kawaida ina pa ya milimita 1.25, M10 ina 1.5, M12 ina 1.75. Hizo ndizo namba za meno manene, zinazouzwa kila mahali. Sasa nenda kwenye gurudumu la Hiace. Gujo zake, zile nondo fupi zenye meno zinazotokeza kupokea ekru za gurudumu, ni za milimita 12 lakini pa yake ni 1.5. Ukinunua ekru ya M12 bila kutaja pa, utapewa ya 1.75. Itaingia mzunguko mmoja au zaidi kidogo, kisha itagoma. Msaidizi atadhani ni kutu. Atatia oili, atavika bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, na ekru itaendelea. Itaendelea kwa kula meno. Kwa macho gurudumu limefungwa vizuri. Kwa kweli linashikiliwa na mabaki ya chuma.

Hapa kuna ujuzi ambao wazee wa gereji wanao na ambao haugharimu faranga hata moja. Chukua bolti unayoijua na bolti usiyoijua, zilaze mwili kwa mwili, meno ya moja yakae katikati ya meno ya nyingine, kisha zinyanyue zielekee kwenye mwanga. Kama pa ni moja, meno yanaumana kwa urefu wote na mwanga haupiti. Kama pa si moja, yataumana mwanzoni, kisha utaona ufa wa mwanga unaoongezeka kila unavyosogea mbele. Asiye na bolti ya kulinganishia atumie rula: hatua 10 za M8 huchukua milimita 12 na nusu. Na anayejua pa anajua pia tundu la kutoboa kabla ya kupitisha taro ya kukata meno ya ndani. Toa pa kwenye unene: 8 kutoa 1.25 ni 6.75, basi fore ya kutobolea ya 6.8 inafaa. Kwa M10 ni 8.5. Hesabu hiyo fupi huokoa taro nyingi, na taro iliyovunjikia ndani ya chuma cha mtu ni kesi ya siku nzima.

Mambo yangekuwa mepesi kama Bukavu ingekuwa na familia moja ya vipimo. Wabelgiji walileta milimita. Lakini malori na mashine za kusaga na jenereta ziliingia pia kutoka Uganda na Kenya, ambako Waingereza walikuwa wameacha inchi, na zikakaa. Bolti ya 5/16 ya inchi ina mwili wa milimita 7.94. Kwa macho, na hata kwa rula, ni M8. Meno yake ni 18 kwa kila inchi, pa ya milimita 1.41. Hiyo tofauti ya sehemu ndogo ya milimita ndiyo inayofanya ekru iingie kwa furaha kisha ijinyonge.

Aliyeweka meno ya Waingereza katika utaratibu ni Joseph Whitworth wa Manchester. Kabla yake kila karakana ilikata meno yake yenyewe, na bolti ya karakana moja haikuwa na maana katika nyingine. Whitworth alikusanya bolti za karakana nyingi za Uingereza, akazilinganisha, na mwaka 1841 akapendekeza mfumo mmoja wenye meno ya pembe ya digrii 55. Wamarekani wakachagua digrii 60 kwa pendekezo la William Sellers mwaka 1864, na bolti zao za nusu inchi zikawa na meno 13 kwa inchi pale ambapo za Whitworth zina 12. Mwaka 1898 wahandisi wa Ulaya walikutana Zurich kupatana juu ya meno ya kimetriki, nao wakashika digrii 60. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza na Wamarekani walikuwa upande mmoja na bado nati zao zilikataana. Ilipofika 1948 tu ndipo, pamoja na Kanada, walipotia saini mfumo wa pamoja wa inchi. Mafundi wetu wanarithi mapatano yote hayo bila kuwa wamealikwa katika hata moja.

Na Whitworth hajaondoka Bukavu. Yuko katika bomba la maji la kila nyumba iliyounganishwa na REGIDESO. Meno ya mabomba duniani karibu kote nje ya Marekani yalibaki yale yake ya digrii 55, hata kwa Wafaransa na Wabelgiji wenye milimita zao. Ndiyo sababu fundi wa maji huomba "demi-pouce", nusu inchi, wakati mwenzake aliyesoma vitabu vya Kifaransa huandika 15/21 kwa bomba lile lile: 15 kwa ndani, 21 kwa nje. Ukipima nje ya meno utapata karibu milimita 21, wala si 12.7 ya nusu inchi. Nimeshuhudia wanunuzi wenye akili timamu wakibishana na muuzaji kwamba anawaibia, kumbe wote wawili wanasema kweli.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni nguvu, kwa maana haionekani. Bolti nzuri ya kimetriki ina namba kichwani, kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 inakupa nguvu ya kuikata kwa kuivuta, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba: 800, au 1,000. Ya pili inasema ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti huvumilia kabla haijanyooka moja kwa moja isirudi. 8 ni asilimia 80. Bolti ya M8 ya 8.8 inahitaji mvuto wa karibu tani 3 ili ikatike. Ya 4.6, inayofanana nayo kama pacha, hukatika kwa nusu ya huo. Vifaa vya inchi havina namba hizo. Vina mistari kichwani, mitatu kwa daraja la tano na sita kwa daraja la nane. Bolti isiyo na alama yoyote ichukuliwe kuwa dhaifu hadi ithibitike vinginevyo.

Nguvu hiyo hutoka kiwandani kwa njia ambayo karakana ya Kadutu haiwezi kuiiga. Waya mnene hukatwa vipande, ncha hugongwa ikiwa baridi hadi iwe kichwa, kisha mwili huviringishwa kati ya bamba mbili zenye mifereji, meno yakanyanyuka kwa kubanwa. Hakuna kilichokatwa, hivyo nyuzi za ndani za chuma zinafuata mkunjo wa jino. Baada ya hapo bolti ya 8.8 hupashwa moto hadi iwe nyekundu, huzamishwa katika mafuta ipoe ghafla, kisha hupashwa tena kwa digrii zisizopungua 425 ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Mkerezaji wa hapa, umeme wa SNEL ukiwapo, anakata meno kwa kisu cha turu, mashine yake ya kukereza. Kazi yake yaweza kuwa safi kabisa, na kwa geti au kitanda inatosha, lakini chuma alichoanzia hakijapita katika moto ule. Vivyo hivyo kwa ile nondo ndefu yenye meno kote inayouzwa kwa mita na kukatwa vipande badala ya bolti: kwa kawaida ni ya daraja la 4. Na kinyume chake kipo pia. Chukua bolti ya 10.9, ichomelee kwa bageti, au kusude kama tusemavyo, ili kuongeza kipande au kubadilisha kichwa. Namba inabaki kichwani, lakini nguvu imekwenda na moto.

Wanaoteremka na kupanda mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira wanajua gari lililobeba mizigo linaning'inia kwenye nini. Zile bride zenye umbo la U zinazobana springi za majani kwenye ekseli si mahali pa nondo ya ujenzi iliyokunjwa na kukatwa meno, hata kama bei yake ni theluthi. Namheshimu fundi anayemrudisha mteja na kumwambia akatafute ya kiwanda, ingawa anajua mteja atakwenda kwa jirani. Anastahili maneno ya kumsaidia kueleza kwa nini.

Maneno hayo ameyapata wapi? Mjini tuna shule ya ufundi ambayo jina lake lenyewe ni Kiswahili, Institut Technique Fundi Maendeleo, lakini masomo ni Kifaransa, kama ilivyo katika shule za sekondari nchini kote. Kijana husoma boulon, écrou, filetage ubaoni, anafika gereji anakuta bulo, ekru, meno, na akifungua katoni anakuta Kiingereza. Waliojifunzia kazi gerejini bila kupita shule, nao ni wengi, hukosa kabisa yale ya ubaoni. Kazi ilishafanywa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika: mwaka 1987 Rajmund Ohly, mwanaisimu kutoka Poland aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kamusi ya istilahi za ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Ni juhudi ya kuheshimiwa. Ila mlango wake ni Kiingereza, na fundi wa Bukavu haingilii mlango huo. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bolti, nati, ekru na parafujo sasa vinakaa chini ya paa moja la biashara, na hakuna kitabu kinachovitambulisha.

Naomba kitabu hicho kiandikwe, chembamba, chenye michoro, cha kuvumilia oili. Walimu wa ufundi wa Bukavu wakae na wakerezaji wa Kadutu na wauzaji wa kenkayeri, na kila bolti iingie kwa mambo manne: spana, unene, pa, nguvu, kisha majina yake ya Kifaransa, ya Kadutu, ya Dar es Salaam na ya kwenye katoni. Ukurasa wa kwanza uwe wa gurudumu la Hiace: spana 21, unene 12, pa 1.5. Wa pili uwe wa malori ya Fuso yenye magurudumu ya mtindo wa Kijapani, ambayo ekru za upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kulia na gujo zake huandikwa herufi L kwenye ncha. Herufi hiyo iko pale chini ya tope. Ifutwe kwa kitambaa kabla bomba halijavikwa kwenye spana.