Taa za Betri: Kwa Nini Huungua, na Hatari Inayobaki Baada ya Kuzima

Katika nyumba nyingi zisizo na stima, wakazi huunganisha taa ndogo za LED na betri ya sola ya volti 12. Taa zikiungua mapema, lawama huangukia taa. Mara nyingi kilichokosekana ni rezista, kifaa kidogo chenye mistari ya rangi kinachouzwa kwa shilingi chache tu.

Kazi ya rezista ni kupunguza mkondo wa umeme. LED moja nyeupe huhitaji takriban volti 3 na mkondo wa ampea 0.02. Betri ikitoa volti 12, volti 9 zinazosalia lazima zichukuliwe na rezista. Ukigawanya 9 kwa 0.02 unapata omu 450. Hata hivyo, jua linapochaji betri, volti hupanda hadi karibu 14, hivyo rezista ya omu 560 ni salama zaidi. Balbu za LED zilizoandikwa 12V hazihitaji rezista nyingine, kwani zina udhibiti huo ndani.

Kapasita, kwa upande wake, huhifadhi umeme. Ikiunganishwa na betri kupitia rezista, hujaa haraka mwanzoni, kisha polepole. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 pamoja na rezista ya omu 10,000 hufikia asilimia 63 ya volti za betri baada ya sekunde 10, na hukaribia kujaa baada ya sekunde 50. Ikijaa, mkondo hukoma. Betri ikiondolewa, umeme hubaki ndani ya kapasita.

Kwa betri ndogo ya redio, umeme huo hauna madhara. Lakini inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 240 huwa na kapasita zinazoweza kushika zaidi ya volti 300. Mtu akiifungua anaweza kupigwa na umeme hata kama nyaya zote zimechomolewa.

Wakazi wanashauriwa:

• Wasifungue inveta wala televisheni. Wampelekee fundi aliyehitimu.
• Wawazuie watoto kuchezea vifaa vilivyoharibika.
• Wanaotengeneza vifaa wahakikishe mguu wa kapasita ulio upande wa mstari umeunganishwa na hasi. Ikigeuzwa, inaweza kupasuka.