Kingamwili Inayofichua Nyayo za Seli

Seli nyingi za mwili hukaa mahali pamoja, lakini zipo ambazo kazi yake haikamiliki bila kusafiri: chembe nyeupe za damu huvifuata vijidudu hadi viliko, seli za ngozi husogea kutoka kingo za kidonda ili kuliziba pengo, na seli za kiinitete huhama kwenda mahali ambapo moyo au ubongo utaundwa. Uwezo huohuo ndio unaoiwezesha saratani kutoka kwenye uvimbe wa kwanza na kufika mapafuni, kwenye ini au mifupani, na ndiyo maana wanabiolojia wamejitahidi kwa miongo kadhaa kuzitambua protini zinazoiwezesha seli kushika, kuvuta na kuachia sakafu ambayo inatambaa juu yake.

Mojawapo ni vinkulini, ambayo mwanasayansi Benjamin Geiger aliieleza mwaka 1979 baada ya kuitenga kutoka kwenye firigisi ya kuku, kiungo chenye misuli minene ya kusagia chakula na kwa hiyo chenye akiba kubwa ya protini hiyo. Vinkulini hukusanyika pale seli inaponata. Katika utando wa seli zimo protini ziitwazo integrini, ambazo kwa upande wa nje hushika nyuzi zinazoizunguka seli. Kwa upande wa ndani, protini nyingine iitwayo talini huziunganisha integrini hizo na nyuzi za aktini, ambazo ndizo zenye kuvuta. Na talini ikivutwa hadi ikanyooka, sehemu zake zilizojificha hufunuka, vinkulini huzidaka, na kiungo chote hukaza. Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1998, pale Eileen Adamson na wenzake walipoonyesha kwamba viinitete vya panya vilivyoondolewa jeni ya vinkulini hufa mnamo siku ya kumi ya mimba, moyo na ubongo vikiwa na kasoro, ilhali seli zilizochukuliwa kwenye viinitete hivyo zilinata kwa udhaifu lakini zilitembea kwa kasi kuliko za kawaida. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa, maana yanaonyesha kwamba kushika sana huichelewesha safari kama vile kutoshika kabisa kunavyoivuruga.

Protini hizi ni ndogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida, na hapo ndipo kingamwili inapohitajika. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kukinasa kitu kigeni, na kila aina yake hulenga umbo mahususi. Mtafiti humdunga panya vinkulini ya binadamu, kisha huchukua seli za wengu wake zitengenezazo kingamwili na kuziunganisha na seli za saratani zisizokoma kuzaana, mbinu iliyobuniwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975, na iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Seli chotara inayopatikana, iitwayo haibridoma, hutoa kingamwili ya aina moja tu kwa muda mrefu.

Maabara ikishaipata, seli hukuzwa juu ya kioo chembamba, hugandishwa kwa formaldehaidi ili zisibadilike, na utando wake hutobolewa kwa sabuni laini ili kingamwili ipenye. Baada ya kuoshwa, huongezwa kingamwili ya pili inayoishika ile ya kwanza, nayo imebeba rangi ing'aayo inapopigwa na mwanga maalumu. Chini ya hadubini, vinkulini hujitokeza kama vistari vifupi kwenye ncha za mafungu ya aktini, hasa ukingoni mwa seli, na mtafiti anaweza kuvihesabu, kuvipima urefu na kulinganisha seli inayotembea na iliyotulia.

Hata hivyo, kung'aa peke yake si ushahidi, kwa kuwa kingamwili inaweza kunasa protini nyingine inayofanana na ile iliyokusudiwa. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuijaribu kwenye seli zilizofutwa jeni ya vinkulini: mng'ao ukibaki, kingamwili haifai. Protini za seli pia hutenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli yenye umeme, na mstari hutarajiwa karibu na kilodaltoni 117, ingawa kwenye misuli hutokea pia mstari wa juu zaidi, ambao si kosa, bali ni metavinkulini, umbo refu la protini ileile. Tahadhari hii ina sababu, kwa maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulipima kingamwili 614 zinazouzwa kwa ajili ya protini 65, na zaidi ya nusu zilishindwa katika angalau aina moja ya matumizi. Fedha na miaka ya watafiti huteketea kwa njia hiyo, na hasara hiyo ni nzito zaidi kwa maabara yenye bajeti finyu.

Katika uchunguzi huohuo, zilizofanya vizuri zaidi ni kingamwili zinazotengenezwa kwa kupandikiza jeni yake ndani ya seli za maabara. Haibridoma inaweza kufa au kupoteza jeni zake, lakini mfuatano wa jeni ukishaandikwa, maabara yoyote yenye vifaa inaweza kuitengeneza upya kingamwili ileile, hata miaka mingi baada ya panya wa kwanza.