Gari Linalokula Oili: Kabla ya Kukimbilia Nzito

"Weka nzito." Ndilo jibu wanalopewa wengi wanaofika gereji wakilalamika kwamba injini inakula oili. Aliyekuwa akitumia 5W-30 anahamishiwa 20W-50. Aliyekwisha kufika kwenye 20W-50 anauziwa kichupa cha dawa ya kukata moshi. Ushauri huo huweza kupunguza moshi kwa muda, lakini unatolewa kabla fundi hajauliza swali la kwanza: oili yenyewe inakwenda wapi?

Ina njia kuu mbili, kuvuja nje au kuungua ndani. Inayovuja huacha ushahidi: doa sakafuni asubuhi, au uchafu mweusi ulioshika vumbi chini ya kifuniko cha valvu na pale injini inapokutana na giaboksi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ni miongoni mwa kazi nyepesi za gereji, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kununua oili ya kuongezea mwaka mzima.

Inayoungua ndani hujulikana kwa moshi wa bluu, na saa ya moshi huo husema mengi. Ukitoka gari linapowashwa baada ya kulala usiku, kisha ukakatika, hapo sili za valvu zimekakamaa na oili imechuruzika taratibu hadi kwenye silinda. Ukitoka wakati gari linavuta mlima, ringi za pistoni ndizo za kuchunguzwa. Kuna pia kivalvu kidogo kiitwacho PCV, ambacho injini hupumulia. Kikiziba au kikiharibika, oili hufyonzwa pamoja na hewa na kuunguzwa. Ni spea ya bei ndogo, na inastahili kuangaliwa kabla mtu hajaanza kuzungumzia kufungua injini.

Mfano mzuri ni injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4. Afrika Mashariki imeenea ndani ya Harrier, Vanguard, Kluger na Alphard. Mwaka 2011 Toyota iliwatumia mawakala wake Marekani maelekezo kuhusu magari yenye injini hiyo, yakiwamo Camry za 2007 hadi 2009. Gari lilipimwa, na likionekana linamaliza kuarti moja, yaani karibu lita moja, kabla ya kutembea maili 1,200 (kama kilomita 1,900), lilibadilishiwa pistoni na ringi. Baadaye kampuni ilirefusha dhamana kwa ajili ya tatizo hilo.

Kiini chake kilikuwa ringi ya chini, ile inayokwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha kwenye sampo. Masizi yanapoiganda na kuziba vitundu vya pistoni ambamo oili hurudi, oili hubaki ukutani na kuungua. Injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyofungwa kwenye Corolla, Premio na Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000, inafahamika kwa ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Oili nzito haizibui vitundu hivyo. Inachofanya ni kupita kwa shida zaidi, basi.

Sasa namba za kwenye dumu. Ile iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi: oili ya 5W hupimwa wepesi wake wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Hata alfajiri ya Julai huko Makete, penye sakitu, haikaribii baridi hiyo, seuze Dar es Salaam au Mombasa. Kwa hiyo mwenye injini iliyochoka hapotezi kitu akihama kutoka 5W-30 kwenda 10W-30, maadamu kitabu cha gari kinairuhusu. Huenda hata akafaidika, kwa kuwa oili zilizotengenezwa ziwe nyepesi sana kwenye baridi mara nyingi huvukiza zaidi zikipata moto.

Namba ya pili inaeleza uzito oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Daraja la 30 huanzia sentistoki 9.3 na kuishia chini ya 12.5, la 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3; la 50 huanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Kuruka kutoka 30 hadi 50, basi, kunaweza kuwa sawa na kuongeza uzito maradufu. Katika injini yenye VVT-i hilo si jambo dogo. Mfumo huo hubadilisha pembe ya kamshafti kwa msukumo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba na kichujio kidogo, na ulisanifiwa kwa oili ya uzito fulani. Hatua moja, kutoka 30 hadi 40, ni jaribio la busara kwa injini inayokula oili. Hatua mbili zifanywe tu pale kitabu cha gari kinapozitaja. Vitabu vya magari yaliyouzwa nchi za joto mara nyingi huorodhesha zaidi ya daraja moja.

Zipo pia oili za magari yaliyotembea sana. Valvoline ilileta MaxLife mwaka 2000, na oili za kundi hilo kwa kawaida hulenga magari yaliyopita maili 75,000, kama kilomita 120,000. Huwa na viambato vya kulainisha sili zilizokakamaa. Kwa gari linalovuja kidogo au kutoa moshi wa asubuhi, zinafaa kujaribiwa. Silinda iliyolika hazitaiponya. Na kwa kuwa mita za magari mengi ya mitumba zimerudishwa nyuma, mnunuzi aongozwe na hali ya injini kuliko kilomita anazozisoma.

Kuchagua oili ni nusu ya kazi. Kuipima ndiyo nusu inayookoa injini. Toyota ya 2AZ-FE hubeba oili ya lita nne hivi. Ikila nusu lita kila kilomita 1,000, na mwenyewe akangoja sevisi ya kilomita 5,000 bila kuongeza, lita mbili na nusu zitakuwa zimekwisha, yaani zaidi ya nusu ya oili yote. Taa nyekundu ya oili haitamwahi, maana hiyo hupima msukumo, haipimi kiasi. Ikiwaka, beringi za krankshafti zimekwisha kuanza kukosa oili.

Dumu lenyewe likaguliwe. Kwenye oili ya injini ya petroli kunakuwa na alama ya API yenye herufi zinazoanza na S. SP, iliyotoka 2020, ni ya karibuni kuliko SN ya 2010. Oili bandia ipo sokoni. Kizibo kilichokwisha kufunguliwa, lebo iliyobanduka au bei ya chini kupita kiasi ni sababu tosha ya kuondoka dukani.

Mwenye gari la namna hii aanze na kazi isiyo na gharama. Alisimamishe mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, ajaze oili hadi alama ya juu ya kijiti na aandike kilomita. Kisha apime kila baada ya kilomita 500, bila kuruka, hadi ajue kiasi kinachopotea. Akienda kwa fundi aende na hesabu hiyo mkononi, na ndani ya buti awe na lita moja ya oili ileile iliyo kwenye injini.