Hesabu Huanzia Ulimini

Ukimuuliza mtoto wa Gredi ya Kwanza mjini Malindi siku ya kwanza ya shule katika juma ni ipi, atakujibu bila ya kusita kwamba ni Jumatatu. Na ukimuuliza tena kwa nini siku ya kwanza ikaitwa ya tatu, atanyamaza, na aghalabu mtu mzima aliye karibu naye atanyamaza pamoja naye. Jawabu limo katika majina yenyewe. Waswahili, ambao Ijumaa ndiyo kilele cha juma lao, walianza hesabu kwa siku inayoifuata: mosi, pili, tatu, nne, tano, wakafika Jumatano, kisha wakaichukua Alhamisi kutoka kwa Waarabu, ambao kwao jina hilo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa wao huhesabu tangu Jumapili. Hivyo juma letu lina siku mbili za tano zilizoandamana, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu, na mtoto huzitamka zote mbili kila juma kabla hajatambua kwamba amekwisha kuhesabu.

Nimetanguliza mfano huu kwa sababu unadhihirisha jambo ambalo ratiba za shule huelekea kulificha, nalo ni kwamba lugha na hisabati, katika akili ya mtoto mdogo, hazijatengana. Kwa mujibu wa mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019 na ambao masomo yake yalipunguzwa baadaye, mtoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu ana vipindi 31 kwa juma, kila kimoja cha dakika 30. Vitano ni vya Hisabati, vitano vya Kiingereza, vinne vya Kiswahili, na viwili vya lugha ya kwao. Jumla yake ni 16, yaani zaidi ya nusu ya juma zima. Lakini kengele inapolia, daftari la Kiswahili hufungwa na la Hisabati hufunguliwa kana kwamba mtoto amevuka mpaka wa nchi.

Katika kaunti ya Kilifi, uliko mji wa Malindi, mpaka huo una uzito maalumu. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, taratibu ya elimu nchini Kenya imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha itumiwayo mahali alipo katika miaka mitatu ya awali. Lakini mtoto wa Marafa au Bamba husema Kigiriama nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni na redioni, kisha hukabidhiwa kitabu cha Hisabati kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu mwenye busara hazioni lugha hizi tatu kuwa balaa, maadamu anajua namna ya kuziunganisha.

Na tuzitazame tarakimu. Mtoto wa Kigiriama husema tandahu kwa sita, fungahe kwa saba na chenda kwa tisa. Akija shuleni akaambiwa kwamba sasa aseme sita, saba, tisa, hudhani kwamba maneno ya nyumbani kwao ni makosa, ilhali Kiswahili chenyewe kilikuwa na tandatu, fungate na kenda kabla ya maneno ya Kiarabu kushika mahali pake. Fungate bado imesalia katika ndoa, kwa zile siku saba za maarusi, na kenda imesalia katika jina la Mijikenda, kundi la Wagiriama na jamaa zao, yaani miji tisa. Mwalimu atakayetumia kipindi kimoja cha lugha kuyapanga maneno hayo sambamba ubaoni atakuwa amefundisha msamiati, ameutukuza ulimi wa mama yake mtoto, na ameiimarisha hesabu yenyewe, kwa kuwa idadi ile ile iliyotajwa kwa majina mawili hudhihirika kuwa ni kitu kisichofungwa na jina.

Kuna faida nyingine. Anayesema kumi na moja ametamka muundo wa nambari: kumi, na moja juu yake, ilhali Kiingereza kwa nambari hiyo kina neno moja lisilofichua kumi wala moja. Lakini Kiswahili nacho husitiri siri kwa ishirini, thelathini na arobaini, kwani maneno hayo ya Kiarabu hayamwambii mtoto wetu kwamba ndani yake mna makumi mawili, matatu na manne. Kwa hiyo yafaa aseme kwanza makumi mawili, huku akifunga njiti za chelewa kumi kumi kwa uzi, kisha ndipo aambiwe kwamba mafurushi mawili jina lake ni ishirini. Wazee wa pwani hawakuwa mbali na njia hiyo, kwani mabaharia na wakulima waliuhesabu mwaka wa Nairuzi, yaani mwaka wa jua, kwa miongo, kila mwongo siku kumi.

Taabu kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika hesabu za maneno. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja ambamo mwalimu alisoma swali hili: Kadzo ana korosho 12, Karisa ana korosho 5, korosho za Kadzo zimezidi za Karisa kwa ngapi? Watoto wengi waliandika 17, na wawili wakaandika 60. Walilisikia neno zimezidi, wengine wakaongeza, na wale wawili wakakumbuka kuzidisha. Mwalimu hakukemea mtu. Alimwaga korosho mezani, akapanga 12 kwa safu, na 5 chini yake, kila moja ikielekeana na mwenzake, akamwita binti mmoja azioneshe zile zilizokosa mwenza. Binti akazigusa moja moja kwa kidole, akasema, "Saba, mwalimu." Kutoa walikuwa wanakujua, lililowashinda ni neno moja la Kiswahili ambalo hakuna aliyewafundisha katika kipindi cha Kiswahili.

Basi rai yangu, ambayo haihitaji kipindi kipya wala fedha, ni kwamba kila juma liwe na maneno machache ya kuhesabia yatakayosafiri kutoka somo hadi somo. Jumatatu, katika Kiswahili, mwalimu asimulie kisa chenye maneno zidi, pungua, salia na gawana. Jumanne, katika Hisabati, watoto wayatende maneno hayo kwa kokwa na njiti. Jumatano watunge maswali yao kwa mdomo, Alhamisi wayaandike, na Ijumaa wabadilishane madaftari, wasome, wajibu, ndipo wapewe maneno ya Kiingereza yenye maana hizo hizo. Neno lililofundishwa mara moja husahauliwa upesi. Lililorudiwa baada ya usiku kupita, kwa sikio, kwa mkono na kwa kalamu, hukaa.

Nyumbani nako kuna msaada usiogharimu kitu. Mzazi anayenunua boriti za mikoko kwa korja ana mafundisho ya ishirini. Bibi anayejua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na dhiraa nne ni pima moja, ana jedwali la nne. Na mama anayesema saa moja asubuhi, wakati kitabu cha Kiingereza kinasema saba, ana hesabu ya kutoa sita iliyo tayari kila kukicha.

Kwa watoto waliokua kidogo, juma lenyewe lina fumbo la kuagia. Mijikenda wa zamani walikuwa na juma lao la siku nne. Ikiwa siku fulani ya juma hilo imeangukia Jumatatu hii, itaangukia Jumatatu tena baada ya siku ngapi? Mtoto atakayeandika majuma mawili hayo kwa safu, la siku nne juu na la siku saba chini, ataona kwamba hayakutani tena mpaka siku 28 zitimie, yaani nne mara saba. Lakini ili aandike safu ile ya juu itamlazimu kwanza aende kwa hawe, yaani bibi yake, aketi, na aulize majina ya siku zile nne. Na hapo atakuwa katika somo la lugha.