Je, Wajua? Alama za Intaneti Hutolewa Mji kwa Mji

Programu iliyo kwenye wingu inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mtumiaji wa Mwanza asiipate, kwa sababu hitilafu iko njiani, kwenye mtandao wa kampuni inayompa intaneti. Huduma ya Internet Monitor ya Amazon, iliyotoka rasmi mwaka 2023, hutoa alama za upatikanaji na za kasi kwa kila mji na kampuni yake ya intaneti. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote hapa, maana wastani wa dunia nzima huficha mengi! Alama ya jumla ikishuka hadi asilimia 95 au chini, kiwango cha kuanzia, tukio hurekodiwa. Anayeandika kwa Python hutumia maktaba ya Boto3: amri ya list_health_events humletea matukio hayo, pamoja na miji iliyoathirika.