Kokoro, ndege na insha ya Kidato cha Tatu

Jumatatu ya Novemba 7, 2022, niliingia Kidato cha Tatu nikiwa na gazeti moja na mkasi. Wanafunzi walikuwa 84, madawati hayatoshi, na mvua ya asubuhi ilikuwa imewachelewesha wanaokaa mbali. Kabla hawajatulia nikakata picha ya ukurasa wa mbele, kisha nikakata na kile kimstari cha maelezo chini yake, nikakitia mfukoni. Picha nikaibandika kwenye manila, manila nikaitundika ubaoni.

Hakuna aliyekuwa hajui. Siku moja nyuma ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeanguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, na sisi tuko Mwanza, ziwa ni lilelile. Wasomaji wengi mnaikumbuka ile picha: mkia wa ndege umetokeza juu ya maji, mitumbwi imeizunguka, watu wameshika kamba wanavuta.

Gazeti moja kwa watu 84 halitoshi hata kwa kuota, kwa hiyo niliwapitisha mbele ya ubao kwa mstari. Walipita kimya, kama watu wanaoaga marehemu. Walipokaa nikauliza: mmeona nini?

“Ajali ya ndege,” wakajibu wengi kwa pamoja.

“Hiyo mmesikia redioni. Kwenye picha mmeona nini?”

Hapo darasa likanyamaza. Mmoja akasema maji. Mwingine akasema mkia. Msichana mmoja wa dawati la mbele akasema ameona watu wengi lakini hajaona anayeongoza. Halafu kutoka nyuma, kijana mmoja wa Ukerewe ambaye tangu Januari sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya “shikamoo mwalimu”, akasema: “Wale wanavuta kokoro.”

Darasa likaangua kicheko. Kwa msomaji asiye wa kanda ya ziwa: kokoro ni wavu mrefu unaotegwa kwa mtumbwi kisha kuvutwa hadi ufukweni na kundi la watu kwa kamba mbili. Hukusanya kila kitu, hata vifaranga vya samaki, ndiyo maana umepigwa marufuku, na ndiyo maana doria zikipita watu hukimbia na kuuacha majini. Kijana yule hakucheka. Akatoka mbele, akachukua sweta la mwenzake akampa ashike upande mmoja, akaonyesha. Visigino vinachimba mchanga. Mwili unalala nyuma, mikono haikunjwi, kinachovuta ni uzito wa mwili. Mnarudi hatua kwa hatua, na aliye mwisho kabisa anaachia, anakwenda mbele majini kuishika kamba upya. “Angalieni pale,” akasema akielekeza kidole kwenye manila, “wamesimama hivihivi.”

Darasa zima likarudi ubaoni kuangalia. Mara hii walisukumana.

Kilichofuata sikukipanga. Msichana wa mbele akauliza, kama ndani bado kuna watu, kuvuta si kutazidi kuizamisha? Mwingine akauliza winchi iko wapi. Mwingine akataka kujua kwa nini wavuvi ndio waliofika kwanza, akajibiwa kwa ukali na jirani yake kwamba ukizama ziwani hapa, siku zote mvuvi ndiye anayefika kwanza, waulize watu wa visiwani. Kipindi ni dakika 40. Ilipogongwa kengele nilikuwa sijaandika neno ubaoni, na nilikuwa nimezungumza labda dakika tano.

Niliwapa kazi ya nyumbani: aya mbili, kuhusu jambo moja tu uliloliona kwenye picha. Kijana wa Ukerewe aliandika kurasa tatu. Zilikuwa na makosa ya tahajia ya kutosha kumaliza wino mwekundu. Ila katika ukurasa wa pili alieleza kwamba baba yake mdogo aliwahi kukamatwa kwa sababu ya kokoro, na kwamba siku ile ya Bukoba watu wote walisifu mikono inayojua kuvuta kamba ilhali siku nyingine mikono hiyohiyo hufungwa pingu. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi. Sentensi za namna hiyo ninazozikumbuka hazifiki kumi.

Tujiulize zile nyingine huwaje. Mwalimu yeyote wa Kiswahili, awe Tanzania au Kenya, atakutajia bila kufikiri: jua lilichomoza kwa madaha, ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu, niliamka alfajiri na mapema nikajitayarisha chapuchapu, nikapiga moyo konde, nikatimua mbio kama swara. Kwa miaka mingi watahiniwa wa KCPE nchini Kenya walipewa dakika 40 za kuandika insha yenye alama 40, na shule zilizotaka kung'ara ziliwakaririsha watoto tamathali na methali za kupachika popote. Mtihani ule ulifikia mwisho mwaka 2023. Madaftari ya kukariri bado yapo. Huku kwetu mada ni zilezile: faida na hasara za utandawazi, umuhimu wa misitu, siku nisiyoisahau. Mtoto anaandika juu ya utandawazi ambao hajawahi kuuona kwa macho, halafu tunamlaumu kwamba hana hoja. Hoja ataitoa wapi?

Mbinu ile ya picha isiyo na maelezo si yangu. Kule New York, Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, akishirikiana na mwanasaikolojia Abigail Housen, walitunga utaratibu wa kuwafundisha watu kutazama picha kwa maswali matatu tu. Kwa Kiswahili changu ni haya: Kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuna nini kingine? Gazeti la New York Times nalo huwatolea wanafunzi picha ya habari isiyo na maelezo yoyote. Wanabishana juu yake, na baada ya siku chache maelezo yake halisi hutolewa. Swali la pili ndilo kazi yote. Linamlazimisha mbishi arudi kwenye picha badala ya kupandisha sauti.

Ila kusema kweli, shule hii tunayo mitaani siku nyingi. Pita saa moja asubuhi kwenye meza yoyote ya magazeti, pale stendi au karibu na soko. Wapo watu kumi na tano wameinama wanasoma vichwa vya habari, hakuna anayenunua, na muuzaji amekwishakata tamaa ya kuwafukuza. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anapinga, wa tatu anasema hiyo picha ni ya zamani, huyu waziri siku hizi amenenepa. Unguja, pale Jaws Corner, watu hukaa barazani na vikombe vya kahawa chungu wakaichambua habari moja hadi mfupa. Hata historia ya magazeti yetu haiko mbali na shule: Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, na wasomaji waliligeuza uwanja wa mashairi na mabishano yao. Hapahapa Mwanza, katika miaka ya 1970, lilikuwapo gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu wazima waliotoka kujua kusoma, ili wapate kitu cha kusoma kinachowahusu.

Ajabu ni kwamba mtoto aliyesimama kwenye ile meza ya magazeti saa moja, saa mbili anaingia darasani na kuambiwa anyamaze. Tena sekondari zetu hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza. Anayeweza kubishana vizuri juu ya bei ya sukari anageuka bubu kwenye jiografia. Kipindi cha Kiswahili ni nafasi yake ya kubishana kwa lugha anayoiota, na sisi tunakijaza ngeli na aina za viambishi. Sizikatai ngeli. Nasema zisubiri nusu saa.

Wiki ile ya ajali ya Bukoba nilirudi na magazeti zaidi, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yetu. Taarifa za mwanzo zilisema watu 26 wameokolewa kati ya 43 waliokuwa ndani. Baadaye ikawa manusura 24, waliofariki 19. Nikawaandikia namba zote ubaoni nikawaacha wajumlishe. Kumi na tisa na ishirini na sita ni 45, sasa hao wawili wametoka wapi? Mmoja akasema serikali imeficha. Mwingine akasema gazeti limekosea kuchapa. Jibu lilikuwa kwenye habari ya siku iliyofuata, aya ya ndani ambayo watu hawafiki: wawili waliofikishwa hospitali hawakuwa abiria, waliumia katika kuokoa. Nililipenda sana somo lile. Kijana aliyesema “wameficha” aliisoma aya hiyo kwa sauti mwenyewe, polepole, kisha akakaa.

Halafu kukawa na suala la Majaliwa. Mvuvi kijana aliyesifiwa nchi nzima kwa kuwahi kwenye ndege anaitwa Majaliwa Jackson. Waziri Mkuu wa wakati ule, aliyekwenda Bukoba kuongoza kuaga miili, ni Kassim Majaliwa. Vichwa vya habari viliandika “Majaliwa” tu. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto makini kabisa, akaandika kwamba Waziri Mkuu alifika kwa mtumbwi na kuvunja mlango wa ndege kwa kasia. Tulicheka hadi mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Lakini baada ya siku hiyo sikuhitaji tena kueleza kwa nini mtu hutajwa kwa jina kamili na cheo mara ya kwanza anapotokea. Na habari ya kasia lile ilitupa neno jingine la kujifunza, “alisema”. Mvuvi alisema alivunja mlango. Baadaye wengine walieleza tofauti juu ya nani hasa aliufungua. “Alisema” si sawa na “alifanya”, na wapo watu wazima wenye simu za bei mbaya ambao hawajaiona tofauti hiyo.

Picha zilizozoeleka ni ngumu zaidi. Ile ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964, iko vitabuni, kwenye kalenda na kwenye kuta za ofisi. Mwanafunzi ameshaiona mara nyingi kiasi kwamba haioni tena. Mwaka jana nilimfunika Mwalimu kwa kipande cha karatasi. Wakabaki wale vijana walioshika chombo. Maswali yakaja: ni akina nani, nani aliwachagua, waliambiwa watafanya nini, walikuwa na umri gani, wako wapi? Magazeti yetu yamewahi kuwatafuta uzeeni na kuwahoji nyakati za maadhimisho ya Muungano, hivyo majibu yapo kwa anayetafuta. Nilipata insha kumi na mbili zilizoandikwa kwa nafsi ya kijana anayeshika chombo cha udongo huku mikono ikimtetemeka.

Sitaki kuipamba mbinu hii. Kuna picha siziingizi darasani. Mei 2017, basi lilipotumbukia korongoni Karatu na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, picha zilizosambaa kwenye simu zilikuwa za kutisha. Mwalimu wa Arusha ambaye angeitundika mojawapo ubaoni angekuwa anamtonesha mtoto aliyempoteza binamu yake wiki hiyo. Hata ile ya Bukoba niliuliza kwanza, mmoja mmoja nje ya darasa, kama kuna mwenye ndugu aliyekuwemo. Siasa nayo ina mitego yake. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniita akaniuliza kwa upole kama lazima picha iwe ya mkutano wa hadhara. Sikuwa na hamu ya kubishana. Nilibadilisha nikaleta ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, na watoto wakafika kwenye siasa wenyewe ndani ya dakika sita, wakipitia mitaro na vibali vya ujenzi.

Picha ile ya mafuriko ilikuwa na mkasa wake. Mwanafunzi mmoja alisema ameshaiona kwenye simu ya dada yake msimu uliopita, ikisemekana ni ya juzi. Tukatafuta kwenye picha kitu cha kutuambia tarehe: bango la tangazo, namba za magari, ujenzi wa daraja ulikuwa umefika wapi. Hatukufikia uamuzi.

Gharama? Magazeti ya zamani huuzwa kwa kilo kwa wafungaji wa bidhaa, na kilo moja inatosha muhula mzima. Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, na nashukuru, maana karatasi haimkimbilii mtu kwenye kitu kingine. Kinachogharimu ni subira ya kunyamaza baada ya swali. Sekunde kumi za ukimya mbele ya watoto 84 ni ndefu kuliko mahubiri.

Mwezi uliopita, saa nne, nilikuwa kwa mama anayeuza vitumbua karibu na geti. Msichana wa Kidato cha Pili, ambaye hata simfundishi, alikuwa amemaliza vitumbua vyake na kukunjua karatasi aliyofungiwa. Akaitandaza gotini. Ilikuwa picha ya watu wamesimama kwenye foleni na ndoo za njano, na sehemu ya chini yote ilikuwa imelowa mafuta.

“Shikamoo mwalimu. Maelezo hayasomeki. Hapa ni wapi?”

Gazeti lile nilikuwa nimelisoma wiki iliyotangulia, mahali nilipajua. Nikavuta kiti cha plastiki nikakaa, nikamuuliza anaona nini.