Mgonjwa wa Figo na Sufuria ya Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepika: kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine ya dialize, someni ukurasa huu pamoja. Mashine inakuwa naye muda wa masaa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa juma. Siku zinazobaki wauguzi wake ni ninyi.

Figo nzima hutoa katika mkojo chumvi moja iitwayo potasiamu. Figo zikifa, chumvi hiyo inabaki katika damu. Kipimo chake kizuri ni 3,5 mpaka 5. Ikipita 6, moyo unaweza kupiga vibaya, hata kusimama ghafula. Tena haileti homa ya kumwonya mtu. Pengine miguu inalegea tu, au moyo unaruka-ruka. Ukiona hivyo usingoje zamu yake ya mashine: mpeleke hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

Shida ni kwamba potasiamu imo katika chakula chetu cha kila siku hapa Kivu: viazi, ndizi, maharagi, avoka, sombe. Hatusemi mgonjwa ashinde njaa. Menya viazi, vikate vidogo, vichemshe katika maji mengi, kisha maji yale uyamwage. Mboga vile vile. Hata hivyo haitoki yote, basi sahani yake iwe ndogo, na mchuzi asinywe. Maji ya majivu ya kulainishia maharagi yamejaa potasiamu. Mgonjwa apikiwe kando. Na ile chumvi ya dukani ya watu wa presha, mara nyingi ni potasiamu yenyewe. Watu huinunua wakidhani wanamsaidia!

Sasa, kukimbia. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini. Siku kama hizo zamu ya mashine inapita, na chakula cha njiani ni ndizi na viazi. Yeye mpe wali mweupe au bugali wa mahindi meupe, na maji kidogo kuliko siku zote. Mkifika penye hospitali yoyote, ombeni apimwe moyo na damu. Kadi yake ya dialize ikae ndani ya mfuko wa safari tangu leo.